Usikubali Kufutiwa Kompyuta kwa Nenosiri
Inaniuma kusikia mtu kafutiwa picha za harusi na hesabu za duka eti kwa sababu alisahau nenosiri la kompyuta yake kuukuu. Fundi akisema dawa ni kupiga Windows upya, mwambie asubiri. Kwenye Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, washa mashine huku ukibofyabofya F8, chagua Safe Mode, na mara nyingi utaikuta akaunti iitwayo Administrator, ambayo wengi hawakuiwekea nenosiri kabisa. Ingia nayo, fungua Control Panel, nenda User Accounts, mwekee mwenye mashine nenosiri jipya. Mafaili yake yatabaki palepale. Isipokuwa yale aliyoyafunga kwa usimbaji wa Windows yenyewe: hayo huenda yasifunguke tena, kwa hiyo muulize kwanza. Njia hiyo ikigoma, chomoa diski, iunganishe kwenye kompyuta nyingine, nakili kila kitu. Mwizi naye anaweza kufanya hivyohivyo, ndiyo maana mashine yenye siri za wateja haifai kubaki na XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 2014.