Tangi la Samaki Kwanza, Kisumu Baadaye

Najua wengi mtakunja uso mkisoma kichwa hicho hapo juu, lakini ukweli haufichiki. Kila mwaka tunachanga pesa ya basi kwenda Makumbusho ya Kisumu. Tukifika tunamwona mamba, tunawaona nyoka, tunapita mbio mbele ya samaki wa ziwani ndani ya vioo, tunanunua soda, tunarudi Migori. Maoni yangu ni kwamba mwaka ujao basi lisikodiwe. Pesa hiyo ijenge tangi letu kubwa la samaki, la plaiwudi, hapa hapa shuleni.

Kwa nini samaki? Sisi tunajiita watu wa ziwa, lakini samaki tunayemjua ni mbuta aliyelala juu ya barafu na omena wa kwenye gorogoro. Mbuta si mwenyeji. Aliletwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewafagia fulu vibaya sana. Fulu walikuwa zaidi ya aina 500, na wanasayansi wanakadiria kwamba zipatazo 200 zilitoweka au zilikaribia kutoweka. Ngege wa asili leo hutafutwa katika maziwa madogo kama Kanyaboli kule Siaya. Ningu, aliyekuwa akipanda mto Kuja wakati wa mvua, wazee humtaja kama mtu aliyehama kijiji.

Linaloniuma zaidi ni hili: katika miaka ya 1990 bustani za wanyama za Marekani zilianzisha mpango wa kuwafuga fulu wetu ili wasiishe. Yaani mtoto wa huko aliweza kumtazama fulu jicho kwa jicho, na mimi wa Migori nimchore kutoka kitabuni! Haki iko wapi?

Sasa plaiwudi. Tangi la kioo kitupu la ukubwa ninaoutaka ni ghali, tena kioo kinene kukisafirisha ni shida tupu. Kwa plaiwudi, kioo ni upande mmja tu, ule wa mbele. Chukua karatasi moja ya futi nane kwa nne iwe sakafu, inua kuta za sentimita 60. Hiyo ni takriban sentimita 240 kwa 120 kwa 60, yaani lita 1,728. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo ni zaidi ya tani moja na nusu hata kabla ya kutia mchanga. Meza ya maabara haitaweza. Lazima likae juu ya matofali, chini, kwenye simiti.

Viungo vinashikwa kwa gundi na skrubu, ndani kote hupakwa epoksi juu ya kitambaa cha faibaglasi, na kioo hubandikwa kwa silikoni kutoka ndani ili maji yenyewe yakikandamize. Nilidai darasani kwamba mafundi wa mashua wa Homa Bay wanaweza kazi hii, maana anayejua kuzuia maji yasiingie atashindwaje kuyazuia yasitoke? Mwalimu wetu wa Fizikia alicheka. Akasema maji ya ziwa huzibana mbao za mashua, bali ya tangi huzitawanya. Tukapiga hesabu: ubavu mrefu unasukumwa kwa nguvu ya Nyutoni 4,320. Basi tutazungusha mshipi wa mbao ngumu juu na chini. Fundi wa mashua bado namtaka. Kalafati ameifanya maisha yake yote.

Wengine husema tuanze na kidogo. La hasha! Tangi dogo huchafuka upesi, na stima ikipotea, kama mnavyoijua, samaki hukosa hewa mapema. Maji mengi hubadilika polepole. Hata hivyo samaki wasitiwe siku ya kwanza. Yapite majuma kadhaa mpaka vijidudu vya kumeza amonia vizaliane kwenye changarawe. Na ruhusa ya kuwachukua fulu tuiombe ofisi ya uvuvi, tusiende kuvizia ufuoni usiku. Mbuta haingii, hata mmoja, hata akiwa mdogo kama kidole.

Tukifaulu, somo la Biolojia litakuwa hai. Mama fulu hubeba mayai mdomoni mpaka vitoto vitoke. Hilo Kisumu hatulioni, kwa sababu hatukai.

Nimeulizwa nani atawalisha wakati wa likizo. Shule za bweni ndizo zenye shida hiyo, milango yao hufungwa. Sisi ni wa kutwa, nyumbani ni hapo tu. Tupange zamu, watu wawili kila siku. Juma la kwanza la Agosti niandikeni mimi.