Sumaku haipunguzi esanse

Ndugu wachimbaji, kila mara bei ya esanse inapopanda, wauzaji wa miujiza nao wanafika: sumaku ya kufunga kwenye mupira wa esanse, kidonge, chupa ya maji yenye kutoa gazi. Wanasema motere itakunywa nusu tu.

Kule Marekani, ofisi ya serikali ya mazingira, EPA, ilipima vyombo vya namna hiyo zaidi ya 100. Karibu vyote havikusaidia kitu. Na ile chupa? Nguvu ya kutenganisha maji inatoka kwa motere yenyewe, ile inayokunywa esanse yako.

Kadhafi akiuza bei ya chini sana, mujiulize amechanganya nini. Pikipiki ikizimika, utaisukuma mupaka nyumbani. Motopompa ikizimika, maji yanapanda na wenzetu wako chini ya shimo.

Ma-PDG wa mashimo, musijaribie miujiza kwenye motopompa. Esanse safi, filtre safi, buji nzima: hiyo ndiyo inapunguza matumizi.

Na wewe mama, bwana akiomba dolari ya sumaku, umwambie kwanza alipe minervali ya mutoto.