Neema Bila Sheria?

Ndugu katika imani, majirani zetu Walutheri wa Bukoba hufundishwa kuwa mtu huokolewa kwa neema, wala si kwa matendo ya sheria, kama alivyowaandikia Paulo Warumi. Hata hivyo, uamsho wa Walokole ulipoingia Buhaya kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1930, waliookoka walikiri dhambi hadharani na kurudisha mali walizoiba. Neema hiyo iliwarejesha kwenye amri!

Nasi twaamini kuwa hakuna aingiaye Peponi kwa amali yake pasi na rehema ya Allah. Lakini rehema haifuti Sharia. Basi tujiulize: sisi tunaojivunia Sharia, je, tumelipa madeni na kurudisha amana za watu?

Wabillahi tawfiq.