Ushindani wa Ndege Ndogo Visiwani Upimwe kwa Safari za Msimu wa Masika

Matangazo ya maombi ya leseni za usafiri wa anga yanayotolewa kwa umma na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) hayavuti wasomaji wengi, hasa katika miji iliyo mbali na pwani kama Nyalikungu, wilayani Maswa, mkoani Simiyu. Mwananchi wa huko anayetaka kusafiri kwa ndege huelekea Mwanza, na safari fupi za kwenda Unguja, Pemba au Mafia huziona kuwa ni habari za watu wa bahari. Hata hivyo, swali lililomo ndani ya matangazo hayo linamhusu moja kwa moja: je, wingi wa watoa huduma peke yake unatosha kumhakikishia mwananchi huduma ya kudumu?

Wakulima wa pamba wa Maswa walikwisha kulikabili swali hilo. Soko la pamba lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, mizani iliongezeka vijijini wakati wa msimu wa ununuzi. Ulipofika wakati wa kukopesha mbegu na viuatilifu, waliojitokeza walikuwa wachache, kwa sababu aliyekopesha hakuwa na uhakika kwamba pamba hiyo haitauzwa kwa mshindani wake. Ushindani ulikuwepo palipo na mavuno, ukakosekana palipohitajika gharama ya kuyaandaa.

Safari za ndege za visiwani zina sura hiyo hiyo. Kwa miaka mingi, mashirika kama ZanAir, Coastal Aviation, Auric Air, As Salaam Air na Flightlink yamekuwa yakigombea abiria wa njia fupi zinazounganisha Dar es Salaam, Unguja, Pemba na Mafia. Sehemu kubwa ya safari hizo hufanywa kwa ndege ndogo, zikiwemo Cessna Caravan zinazobeba abiria wapatao 12. Yapo pia mashirika yenye ndege kubwa zaidi, yakiwemo Precision Air yenye ndege za aina ya ATR na Shirika la Ndege Tanzania (ATCL), ambalo tangu mwaka 2016 linatumia ndege za Q400 zenye viti 76.

Safari fupi haina maana ya safari rahisi kuiendesha. Ndege hutumia mafuta mengi inaporuka na kupanda angani, na kutoka Dar es Salaam hadi Unguja, safari ya dakika 20 hivi, muda wa kutulia hewani ni mdogo mno. Baadhi ya matengenezo huhesabiwa kwa idadi ya mara ambazo ndege imetua, si kwa saa ilizoruka pekee. Ada za viwanja nazo hazipungui kwa kuwa safari ni ya karibu. Ndege ya viti 12 inapoondoka na viti vitatu vitupu, imekwisha kupoteza robo ya mapato ya safari hiyo.

Mshindani wa ndege pia si ndege peke yake. Kati ya Dar es Salaam na Unguja zipo boti za kasi zinazotumia saa mbili hivi, na uwepo wake huzuia nauli ya ndege kupanda bila kikomo. Kwa Mafia hali ni tofauti. Anayesafiri kwa njia ya maji hulazimika kwanza kufika Nyamisati, wilayani Kibiti, kisha kuvuka bahari hadi Kilindoni. Kwa mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda Dar es Salaam, tofauti kati ya dakika 30 za angani na safari hiyo ya barabara na maji si suala la starehe.

Hapo ndipo tatizo la msingi linapojitokeza. Katika miezi ya watalii wengi, kila shirika lina sababu ya kuongeza safari. Masika yanapoingia, hasa Aprili na Mei, watalii hupungua na baadhi ya hoteli hufungwa. Abiria anayebaki ni mwalimu, mfanyabiashara, mtumishi wa umma, mwanafunzi na mgonjwa. Shirika linalodumisha ratiba katika miezi hiyo hubeba hasara kwa matumaini ya kuifidia msimu mzuri unaporejea. Likikuta msimu huo umejaa washindani waliokuja kuvuna tu, litapunguza safari za masika mwaka unaofuata, na hakuna atakayelilaumu kwa kufanya hesabu zake.

Visiwa vya Hawaii, nchini Marekani, vinatoa funzo lililo wazi. Mwaka 2006 shirika jipya lililoitwa go! liliingia katika safari za kati ya visiwa hivyo likiwa na nauli iliyoanzia dola 39. Wasafiri walifurahia, na mashirika yaliyokuwepo yakalazimika kushusha bei. Machi 31, 2008, shirika la Aloha, lililoanza kazi mwaka 1946 na ambalo tayari lilikuwa limedhoofishwa na madeni na bei ya mafuta, lilisitisha safari zake za abiria. Mwaka 2014 go! nalo likaondoka. Nauli nafuu ilikuwa ya kweli, lakini haikudumu, na abiria akabaki na watoa huduma wachache kuliko alivyoanza.

Wakazi wa Kanda ya Ziwa wana kumbukumbu yao ya karibu. Shirika la fastjet lilipoanza safari zake mwishoni mwa Novemba 2012, Mwanza ilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza, na nauli zake za chini ziliwawezesha wengi waliozoea basi kupanda ndege. Mwishoni mwa mwaka 2018 shirika hilo lilisitisha safari zake nchini. Njia ya Mwanza ina abiria wa kutosha kuvutia watoa huduma wengine. Njia ya kisiwa chenye abiria wachache haina uhakika huo.

Lipo pia suala la usalama, ambalo halipaswi kuwa sehemu ya biashara ya kupunguza gharama. Ajali ya ndege ya Precision Air iliyotokea Bukoba Novemba 6, 2022, ambapo watu 19 kati ya 43 waliokuwemo walipoteza maisha, iliikumbusha nchi kwamba viwanja vilivyo kando ya maji vinahitaji rubani mwenye nafasi kamili ya kuahirisha kutua, pamoja na waokoaji walio tayari majini. Usimamizi wa ushindani na usimamizi wa usalama viko mikononi mwa TCAA, nayo ina wajibu wa kuhakikisha kwamba nauli inayoshushwa haishushwi kwa kubana matengenezo au mapumziko ya marubani.

Suluhisho si kuzuia mashirika mapya. Kumwachia mtoa huduma mmoja njia yote ni kumwachia pia uamuzi wa nauli. Nchi za Ulaya hutumia utaratibu wa kutangaza zabuni kwa njia zisizo na faida: shirika linaloshinda hupewa ruzuku, nalo hufungwa na idadi ya safari, ukubwa wa ndege na kikomo cha nauli. Katika visiwa vya Orkney, Uingereza, safari ya Westray hadi Papa Westray, isiyozidi dakika mbili, huendeshwa kwa mkataba wa aina hiyo. Hapa nchini, Serikali imekwisha kubeba sehemu ya mzigo kwa kugharamia viwanja, ukiwemo wa Mafia uliowekewa lami chini ya mpango wa Changamoto za Milenia. Hatua inayostahili kufikiriwa ni kuifanya ratiba ya masika kuwa sehemu ya masharti kwa shirika linalonufaika na msimu wa watalii.

Mwananchi naye ana nafasi. Matangazo ya maombi ya leseni huambatana na muda wa kuwasilisha maoni au pingamizi, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga (TCAA-CCC) kwa ajili ya kusikiliza na kutetea maslahi ya abiria. Maoni yenye uzito ni yale yanayouliza mambo mahususi: safari zitakuwa ngapi kwa wiki mwezi Mei, ndege ipi itatumika ile ya kawaida ikiharibika, na abiria atarejeshewa nini safari ikifutwa.

Kwa Nyalikungu, maswali hayo yatabisha hodi kwa njia nyingine. Reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka inapita Malampaka, ndani ya Wilaya ya Maswa, na itakapoanza kubeba abiria itagombea wasafiri na mabasi yanayohudumia wilaya hiyo. Mabasi yatakayopunguza safari yataanza na vijiji vyenye abiria wachache. Ni wakati huo ambapo mkazi wa kijiji kilicho mbali na stesheni atajikuta katika nafasi aliyonayo leo mkazi wa Kilindoni mwezi Mei.