Mkono wa Unguja Haukufika Rusubi

Imani kwamba zumari ikipigwa Unguja watu wa maziwa makuu hucheza imeota mizizi, hata wasomaji wengi wakaamini kuwa sultani aliitawala Rusubi, nchi ambayo sasa imo katika wilaya za Biharamulo na Ngara, kwa mkono wa liwali wake, yaani mwakilishi aliyemweka Tabora. Imani hiyo ni potofu, tena inawavua watawala wa Rusubi heshima waliyoistahili.

Anayetaka kumjua gavana hasa na amtazame al-Hajjaj bin Yusuf, aliyeitawala Iraki kwa niaba ya makhalifa wa Bani Umayya tangu 694 hadi alipofariki mwaka 714, akiwa na askari wa Sham aliowajengea mji wa Wasit, akikusanya kharaji, yaani kodi ya ardhi, na kutuma majeshi hadi Sindh. Liwali wa Tabora hakuwa na nguvu za namna hiyo. Said bin Salim, ambaye msafiri Stanley alimkuta na cheo hicho mwaka 1871, aliwategemea wafanyabiashara na watu wao wenye bunduki, na mwezi Agosti mwaka huohuo Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, aliwashinda, akaingia Tabora na kuchoma sehemu ya mji. Aliyeshindwa kuulinda mji wake angeiamuru vipi Rusubi, iliyokuwa mwendo wa majuma kadhaa kaskazini?

Ushahidi wenye uzito zaidi umo Rusubi kwenyewe. Mwishoni mwa 1861 msafara wa wasafiri wa Kizungu Speke na Grant, ulioandaliwa Unguja wakati wa Sultani Majid, ulipofika kwa Suwarora, mtawala wa Rusubi, watumishi wake waliudai hongo, yaani ushuru wa kupita, wa vitambaa, shanga na nyaya, wakauzuia mpaka waliporidhika, na Speke akaenda zake Karagwe bila kuonana na mtawala huyo. Huko Karagwe nako, wafanyabiashara Waarabu waliokaa Kafuro waliishi kwa idhini ya Rumanika, mtawala wa huko.

Watetezi wa imani hiyo hujibu kwamba ni Waingereza na Wajerumani waliompunguzia sultani milki mwaka 1886, walipomwachia ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu. Ni kweli kwamba mataifa hayo yalijitafutia faida, lakini Suwarora alikuwa amekwisha kutoza hongo yake miaka 25 kabla ya mkataba huo, bila kumwomba ruhusa liwali yeyote.