Afya Nyumbani: Panya Walioacha Kula



Njaa ya kukosa chakula twaijua sote. Lakini iko njaa nyingine: ugali upo, mboga ipo, na mtoto hataki kula, anakonda mbele ya macho ya mama yake. Madaktari huiita anoreksia. Huwapata zaidi wasichana wanaokua, na wavulana pia. Wengi hudhani ni kiburi, au amerogwa. Basi sikilizeni habari ya panya.

Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Marekani, Routtenberg na Kuznesof, waliweka panya katika vizimba vyenye gurudumu la kukimbilia. Kila siku walipewa saa moja tu ya kula, wale kadiri wapendavyo. Panya wengine walipewa saa hiyo hiyo, bila gurudumu. Hao walizoea, wakaishi. Lakini wenye gurudumu walizidi kukimbia siku hata siku, na huku wakila kidogo, ingawa chakula kilikuwa mbele yao. Wakakonda mpaka kufa. Je, panya ana kiburi? Hata kidogo. Njaa na kukosa kupumzika vilikuwa vimeugeuza mwili wake.

Mwaka 2008 wataalamu wengine, Brown, Avena na Hoebel, waliwapa panya wa namna hiyo chakula chenye mafuta mengi. Hawakukonda kama wenzao. Na waliokwisha kukonda walirudisha uzito. Twajua ya kwamba gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, na gramu ya wanga 4 tu. Anayekula kidogo hupata nguvu nyingi katika kidogo hicho.

Lakini msikimbilie kumjaza binti samli. Mtu si panya. Ana roho, ana hofu na huzuni zake. Tena aliyekaa na njaa muda mrefu, akilishwa kwa wingi ghafula, madini ya damuni huvurugika, na moyo waweza kusimama. Kumrudisha kwenye chakula ni kazi ya daktari.

Yatupasayo sisi wazazi ni haya. Tuangalie dalili: mtoto anaficha chakula, hatulii, anasema ni mnene na huku mifupa yaonekana, anaona baridi daima, msichana siku zake zinakoma. Tukiona hayo, tumpeleke hospitali mapema, maana ugonjwa huu ni katika magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Fimbo na matusi havimsaidii. Wala tusimcheke mtoto kwa unene wake, wala kumfundisha kwamba mafuta ni sumu. Karanga, nazi na parachichi ni vipaji vya Mungu.

Na Kwaresima je? Mtoto asijifiche nyuma yake. Kwa sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kufunga kwawapasa waliotimiza miaka 18, mpaka waingiapo mwaka wa 60. Na mgonjwa hadaiwi. Kufunga kwa Mkristo kuna mwisho wake, naye hurudi mezani kwa furaha. Asiyeweza kurudi mezani hafungi, anaumwa. Mketishe karibu nawe, mwambie wampenda, kisha shikeni pamoja njia ya hospitali.