Si Kila Tumbo ni Chango

Katika vijiji vyetu mtu akishikwa na tumbo, jina la ugonjwa hutolewa upesi. Mwanamke huambiwa ana chango. Mwanamume huambiwa ana ngiri. Mtoto huambiwa ana minyoo. Jina likishatolewa, mizizi huchemshwa na watu hungoja. Wapo waliokufa wakingoja. Maoni yetu ni haya: tumbo lisipewe jina kabla ya kupimwa.

Ndani ya tumbo mna vitu vingi. Kuna mfuko wa chakula, utumbo, ini, figo na kibofu. Mwanamke ana mfuko wa uzazi pia. Kila kimoja kinaweza kuuma. Maji machafu na mikono michafu huleta kuhara damu na homa ya matumbo. Kichocho hupatikana katika maji ya mabwawa na madimbwi. Vidonda vya tumbo huchoma chini ya kifua. Magonjwa hayo yana dawa, lakini dawa zake si moja.

Yako maumivu mengine yasiyongoja. Kidole tumbo mara nyingi huanza kuuma kwenye kitovu, kisha maumivu huhamia chini upande wa kulia. Kikipasuka, usaha humwagika tumboni. Utumbo ukijisokota, au ukibanwa ndani ya ngiri, damu haipiti na utumbo huoza. Mimba ikitunga nje ya mfuko wa uzazi, damu humwagika ndani bila kuonekana. Hayo mara nyingi hutibiwa kwa kupasuliwa hospitali. Mizizi haiwezi, na vidonge vya dukani haviwezi.

Nenda kwa mganga wa zahanati siku hiyo hiyo ukiona dalili hizi:
- Maumivu makali yasiyopungua kwa saa chache.
- Tumbo gumu kama ubao, au linalouma sana likiguswa.
- Kutapika bila kukoma, au kutapika damu.
- Choo chenye damu, au cheusi kama lami.
- Kukosa choo na hewa huku tumbo likivimba.
- Tumbo kuuma pamoja na homa kali.
- Mwanamke aliyekosa siku zake, anaumwa tumbo na kusikia kizunguzungu.
- Mja mzito yeyote mwenye maumivu makali.

Usimpe mgonjwa huyo dawa ya kuharisha. Inaweza kumpasua utumbo.

Tukumbuke njia ya zamani ya misafara, kutoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo. Dkt. Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872. Yeye mwenyewe alikuwa daktari. Alipoondoka aliugua tumbo la kuhara na kutoka damu, akafa tarehe 1 Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao waliibeba maiti yake, wakapita Tabora hadi pwani. Wapagazi wa Kinyamwezi walioumwa njiani nao hawakuwa na hospitali ya kukimbilia. Sisi tunazo zahanati, vituo vya afya, na Hospitali ya Kitete mjini Tabora. Tukingoja, tunangoja kwa hiari yetu.

Wengine husema tumbaku haijauzwa. Wengine husema mume yuko porini anarina asali, na mke hawezi kuondoka bila ruhusa. Tumbo lililopasuka halijui msimu wala ruhusa. Mume amwambie mke wake mapema: ukiugua, nenda. Na serikali ya kijiji ipange sasa nani mwenye pikipiki, baiskeli au mkokoteni atambeba mgonjwa usiku. Mpango wa namna hiyo haufai kutafutwa wakati mtu analia kwa maumivu.

Jadilianeni katika kikundi chenu:
1. Kijijini kwetu, mgonjwa wa usiku hubebwa na nani?
2. Nani huamua kama mama mgonjwa aende zahanati? Je, inafaa?